Lalibela peke yangu, begi mgongoni: wenzangu wa safari nitawapata wapi?

FundiWaSakina (Arusha), Jumapili saa 2:40 usiku

Habari zenu wote. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 31, nina kibanda changu huku Sakina. Nyumbani kwa marehemu baba kulikuwa na kalenda ya Ethiopia ukutani, aliileta mjomba enzi zake za udereva wa malori. Picha yake ilikuwa kanisa lililochimbwa ndani ya mwamba, ukilitazama kwa juu ni msalaba mtupu. Nikiwa darasa la pili nilihesabu miezi ya ile kalenda nikakuta 13, nikamkimbilia baba kumwambia wamekosea. Akanikalisha akanieleza kwamba wenzetu wana mwezi mdogo wa mwisho, siku 5, na mwaka mrefu siku 6. Tangu siku ile nataka kuliona kanisa lile. Sasa najua linaitwa Bete Giyorgis na liko Lalibela.

Nimeweka akiba kwenye kikoba miaka mitatu. Sitaki safari ya kikundi yenye ratiba ya kila nusu saa. Nataka kwenda na begi la mgongoni kama wale vijana ninaowaona pale karibu na mnara wa saa. Wanafika mmoja mmoja, baada ya siku mbili nawaona wanatembea wanne, wanacheka kama wametoka kijiji kimoja. Wanakutana wapi? Wanaanzaje? Mimi na wateja wangu naongea vizuri, lakini ugenini huwa nanyamaza kabisa, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Dada yangu anasema mwanamke akionekana peke yake na begi watu watajua ametoroka kwake.

Aliyewahi kufika anieleze alivyoishi na watu kule. Bei nitaulizia baadaye. Na usalama ukoje?

MgumuWaMachame (Moshi), Alhamisi saa 1:15 usiku

Dada, swali lako nilisoma nikiwa Geti la Machame nasubiri mizigo ipimwe. Nikasema hili nitalijibu nikishuka. Nimeshuka leo.

Mimi ni mgumu, mwaka wa 12 sasa. Kwa wasio wa huku, mgumu ni mpagazi wa mlimani. Muda wote huo nimebeba mizigo ya watu waliotoka mbali kuja kuona kwetu, kilo 20 kila siku, na jioni kambini nawasikia wakisimuliana walikopita. Mwisho wa 2019 nikakataa safari mbili za Januari, nikanunua begi la mtumba pale Memorial, nikaenda Lalibela kuiona Genna. Hiyo ndiyo Krismasi yao, huwa Januari 7.

Nilipanda ndege KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, hadi Addis Ababa. Viza nilipewa palepale uwanja wa Bole, maana muda mfupi nyuma walikuwa wamewafungulia Waafrika wote. Nikalala mtaa wa Piazza, nyumba ya wageni yenye chumba cha vitanda sita. Jioni mhudumu akatuambia basi la kwenda kaskazini linaondoka saa kumi na moja. Kijana wa Ujerumani aliyekuwa kitanda cha jirani akafurahi, akasema basi kesho atalala mpaka mchana. Mimi nikajua ni alfajiri. Wale watu wanahesabu saa kama sisi, jua likichomoza ni saa kumi na mbili, inayofuata ni saa moja. Nikamwamsha usiku, tukaenda stendi pamoja gizani, na huyo ndiye mwenzangu wa kwanza. Dada, ulisema Kiingereza chako ni kidogo. Ujue kuna kitu unakwenda nacho ambacho wengi wao hawana. Ukiambiwa saa, unaelewa. Utakuta watu wanakuuliza wewe.

Njia ni ndefu. Siku ya kwanza tulipita Dessie tukalala Woldia, siku ya pili tukapanda basi dogo lililojaa mahujaji, na kipande cha mwisho kilikuwa vumbi tupu. Pembeni yangu alikaa mzee mwenye shuka jeupe na fimbo, goti lake bovu. Wenzake wa kijijini walikuwa wanakuja kwa miguu, siku kadhaa njiani. Akanipa kolo, ni shayiri iliyokaangwa, unatafuna kama bisi. Nikamtolea kashata za karanga nilizonunua Moshi. Akazishika bila kula, kisha akafanya vidole kama anakamua ng'ombe, ananitazama usoni. Nikaelewa anauliza kama zina maziwa. Kabla ya Genna wanafunga siku 43, hawali nyama wala maziwa wala mayai. Nikatikisa kichwa, akala, akampa na mama wa kiti cha nyuma. Mpaka tunafika, basi lote lilikuwa limeonja kashata ya Moshi, na mimi nimejazwa kolo mifuko yote miwili. Mimi na yule mzee hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja.

Basi lilitushusha chini, mji uko juu. Lalibela iko takribani mita 2,500, chini kidogo ya Mandara, kambi ya kwanza ya Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kwangu ni hewa ya kawaida. Mzee alikuwa na furushi: unga, blanketi, sufuria. Akaanza kupanda nalo akichechemea. Nikalichukua, nikaliweka kichwani juu ya begi langu kama tunavyobeba huku, nikatangulia. Dada, nimebeba mizigo mingi maishani, lakini kwa mara ya kwanza nilibeba pasipo mtu kuniambia nibebe, na hakuna aliyekuwa ananisubiri na bahasha mwisho wa safari. Watu njiani walisimama kutazama. Jioni tulipoipata kambi ya kijiji chake, mama mmoja alimega injera, mkate wao mwembamba kama chapati, akachovya kwenye shiro, mchuzi wa unga wa dengu, akaniweka mdomoni kwa mkono wake. Wanaita gursha. Kwetu kata ya mbege, pombe ya ndizi, inavyozunguka mkono kwa mkono, ndiyo hivyohivyo. Ukilishwa gursha umeshaingia. Tangu hapo waliniita wendim, ndugu.

Yule Mjerumani walimlisha pia. Na binti mmoja mwanafunzi kutoka Korea aliyekuwa ametufuata kutoka kwenye basi kwa sababu hakujua pa kwenda. Nakuambia haya ili uone jinsi watatu walivyopatikana. Hakuna aliyesema tuwe marafiki.

Makanisa ni 11. Yote yamechongwa mwambani kuanzia juu kwenda chini, hayakujengwa kwa kupanga mawe. Mfalme Lalibela, karne ya 12 kuingia ya 13, alitaka Yerusalemu nyingine pale milimani, na mfereji unaopita katikati ya makanisa wanauita Yordani mpaka leo. Kubwa kuliko yote ni Bete Medhane Alem. Kuna handaki karibu na Bete Gabriel-Rufael ambalo unapita giza totoro, taa imezimwa, mkono ukutani. Wanasema ni jehanamu, ukitoka mwisho wake ndiyo mwanga. Nilipita nikiwa nimeshika bega la yule binti na Mjerumani ameshika langu, tukitembea pole pole kweli. Bete Giyorgis, lako la kwenye kalenda, liko peke yake pembeni. Unatembea juu ya mwamba wa kawaida, hujaona kitu, mara miguuni pako kuna shimo na ndani yake msalaba mzima umesimama. Nilikaa pale ukingoni saa nzima. Sijui nikuelezeje zaidi ya hapo.

Usiku wa kuamkia Genna hakuna kulala. Ngoma za kebero, mashemasi na njuga zao, maelfu ya watu wa nguo nyeupe na mishumaa. Baridi inauma. Binti wa Korea alikuwa na kijaketi cha mjini, tukajifunika shuka langu la Kimasai watu wawili na mzee wa tatu. Asubuhi wakaimba Beza Kullu pale Bete Maryam, makasisi wengine wamejipanga juu ya ukingo wa mwamba na wengine chini uani, wanaitikiana. Mimi ni Mlutheri, nimelelewa na nyimbo za kwaya za Machame, na niliimba pale bila kujua neno hata moja.

Kitu kingine kilichonipa watu ni kahawa. Nilibeba robo kilo ya kahawa mbichi kutoka shambani kwa mama. Mwenye nyumba tuliyopanga alipoiona aliita majirani. Aliiosha, akaikaanga mbele yetu, akatupitishia moshi wake tunuse, akaitwanga. Kule kahawa wanaiita buna. Nikamwambia kwetu mbegu zake tunaita buni, akapiga makofi. Unakunywa vikombe vitatu: abol, tona, bereka. Ukiondoka baada ya kimoja umewakosea. Kwa hiyo unakaa, na ukikaa ndipo mazungumzo yanakuja. Nyumba ile ndiyo iliyonifunza jibu la swali lako kuhusu wale vijana wa mnara wa saa. Hawana ufundi wowote, dada. Wanakaa mahali pamoja muda mrefu bila haraka, wanakula sahani moja, basi. Wewe unayekaa na wateja kibandani kutwa nzima unaliweza hilo kuliko wao.

Baya moja. Siku ya kwanza kijana alijiunga nasi akisema anatuonyesha njia kwa upendo tu, jioni akadai pesa nyingi na maneno makali, binti wa watu akalia. Mtu akikuongoza, elewaneni malipo kabla ya hatua ya kwanza. Mimi ninayeishi kwa kazi hiyo nasema hivyo kwa heshima ya kazi.

Mjerumani alikuja Moshi 2022, akalala kwa mama siku nne. Binti wa Korea ameshaolewa, hunitumia salamu kila Januari 7. Mzee hana simu.

Kuhusu usalama sitakudanganya. Nilikwenda kabla ya vita. Novemba 2020 vikaanza Tigray, mkoa wa kaskazini, Agosti 2021 vikafika Lalibela yenyewe. Na tangu 2023 mkoa wa Amhara, ambao Lalibela imo ndani yake, una mapigano kati ya jeshi na wapiganaji wa Fano, wanamgambo wa Kiamhara. Njia ile ya basi niliyokusimulia, leo nisingempitisha mdogo wangu.

NesiSoweto (Moshi), Ijumaa saa 12:05 asubuhi

Naongeza ya kike, maana kaka hawezi kuyajua. Niliishi Addis miezi sita kimasomo na nilifika Lalibela kwa ndege, siku nne.

Nunua netela ukifika, kile kitambaa cheupe chepesi cha pamba. Jifunike kichwa na mabega. Ukiwa nacho, akina mama wanakusogelea wenyewe kukitengeneza kikae sawa, na mimi nilipata rafiki yangu wa kwanza hivyo. Alinifungua, akanifunga upya, akanishika mkono tukaingia. Wanawake wana upande wao kanisani. Bete Golgotha hatuingii kabisa, usishangae ukizuiwa mlangoni. Na ukiwa kwenye siku zako, desturi yao ni kubaki uani. Waheshimu, uani ndiko kina mama wengi wanakosalia hata hivyo.

Viatu unavua kila mlango. Vaa soksi nene na upulizie dawa, mazulia yana viroboto, nilitoka na miguu kama nina tetekuwanga.

Mdogo wangu, dada yako anaogopa watu watasema nini. Kule mwanamke anayekwenda kuhiji peke yake ni kitu cha kawaida. Niliwaona bibi wa miaka sabini na fimbo, hawana mtu. Mimi waliniuliza mara moja tu mume yuko wapi, nikawaambia niko masomoni, wakanikaribisha kahawa.

Kadi ya homa ya manjano usiiache nyumbani, utaidaiwa ukirudi KIA.

LevolosiMadini (Arusha), Ijumaa saa 4:30 usiku

Assalam alaykum na habari za jioni kwa wote.

Nimesoma nikanyamaza siku nzima, halafu nikaona nisipoandika nitakuwa nimemnyima mtu. Dada Fundi, ukitaka mji wa ibada, wa kale, wa kuuingia na begi lako na kukutana na watu, na Lalibela kwa sasa hali si ya kutegemea, iangalie Harar. Ni upande wa mashariki, mbali na huko Amhara. Bado uulize habari za usalama kabla ya kukata tiketi, nchi ile inabadilika.

Mimi ni dalali wa madini. 2019 nilikwenda Addis kwa shughuli zangu, ikabaki wiki. Nikapanda treni ya Djibouti, ile mpya iliyoanza kubeba abiria 2018, stesheni iko nje ya jiji. Ukifika Dire Dawa unachukua basi dogo kupanda mlima, kama saa moja hivi.

Harar ya zamani imezungushiwa ukuta, wanauita Jugol. Amir Nur aliujenga karne ya 16, na milango ya asili ni mitano. Ndani ya eneo dogo unaloweza kulizunguka kwa miguu asubuhi moja kuna misikiti 82, mitatu ni ya karne ya 10, na makaburi ya mawalii 102. Misikiti mingine ni midogo kama sebule. Nimezaliwa Levolosi, nimezoea adhana ya upande huu na ule, lakini alfajiri ya Harar inakuja kutoka kila uchochoro, karibu kabisa na sikio. Nililia, sioni haya kusema.

Nililala kwenye nyumba ya Kiharari yenyewe. Sebule yao imepandishwa ngazi ngazi, kila ngazi na watu wake wa kukaa, na ukutani vikapu vya kufuma vimejaa kama maua. Wageni tulikuwa watano: mimi, wanafunzi wawili Wasudani, na mume na mke wazee kutoka Ufaransa. Wasudani wakiongea Kiarabu nakamata neno moja katika kumi, nawarudishia kwa Kiswahili, wanakamata moja. Saa, kitabu, dunia, wakati, rafiki, safari. Tulikaa usiku mzima tunatafuta maneno yaliyo yetu sote, Mfaransa anayaandika kwenye daftari. Usiku wa pili tulitoka nje ya ukuta kuwaona fisi. Kuna watu wanaowalisha nyama kwa kijiti, wengine kwa mdomo. Huku kwetu fisi ni mnyama wa uchawi, mimi nilisimama nyuma ya wote.

Na wewe hasa nina sababu ya kukuambia Harar. Kuna uchochoro mmoja ndani ya ukuta unaitwa Makina Girgir. Ni wa mafundi cherehani, wamekaa nje mstari mzima pande zote mbili, mashine zinalia, na jina lenyewe ni ule mlio. Unanunua kitambaa duka la jirani, unamkabidhi fundi, unasimama anakushonea. Nilishonewa kanzu pale, ninaivaa kila Idi.

FundiWaSakina (Arusha), Jumamosi saa 5:20 asubuhi

Nimesoma huku mteja amekaa ananisubiri, na nimemsomea ile ya mzee na kashata, naye amefuta machozi.

Kaka Mgumu, asante. Nilikuwa nafikiri lazima nijifunze kwanza kuwa mtu mwingine, mtu wa maneno mengi. Kashata najua kutengeneza. Bete Giyorgis nimelisubiri miaka 23, naweza kulisubiri njia ifunguke, na siku nikifika nitakaa pale ukingoni ulipokaa. Dada Nesi, netela nitainunua, na dada yangu nimemsomea maneno yako yote. Hajajibu kitu, ila ameniuliza begi langu ni la ukubwa gani.

Kaka wa Levolosi, nimeamua. Nitaanza na Harar, Oktoba nikimaliza sare za shule. Naomba uniambie jambo moja. Mashine zao ni za umeme au za miguu?

LevolosiMadini (Arusha), Jumamosi saa 7:10 mchana

Za miguu, dada. Nyingine ni za zamani sana, maua ya dhahabu ubavuni yamefutika kabisa pale mkono unapopita. Nenda saa nne asubuhi, kabla jua halijawa kali, wote wanakuwa wameshakaa. Fundi aliyenishonea kanzu yuko upande wa kushoto ukitokea kwenye uwanja wa sokoni, ana kofia ya bluu, na pembeni yake kuna kigoda ambacho mtu yeyote anaweza kukalia. Chukua futi yako ya kupimia, uivae shingoni.